Asubuhi Niliyoruka Jina Lako

Kalobeyei, Kijiji cha Pili,
Kakuma.
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Hardy,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Hujambo? Mwili una nguvu? Kile kikohozi cha moshi wa samaki kimekuacha? Unakula, unalala, unapumua vizuri? Usicheke. Siku nyingine mimi yaya wako, dada yako mkubwa, huuliza hayo kwa mazoea, kama watu wote wanavyoanza barua. Leo nauliza kwa sababu nataka kujua.

Sisi huku tu wazima. Mpwa wako Christelle amepona malaria, anaanza kujibizana na mimi tena, ndiyo dalili. Mke wako Inès tumbo limeshuka, mkunga anasema bado kidogo tu, na mtoto anapiga mateke upande wa kulia. Shemeji yako Hilaire mgongo unamsumbua lakini kanisani hakosi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Simu yako haipatikani tangu Jumapili. Ya Ebenyo, mwenye boti unayofanyia kazi, nayo haipatikani. Mwanzoni tulisema ni chaji, huko ziwani Kalokol mnachaji kwa foleni. Lakini Jumanne Etabo, yule dereva wa lori la samaki, alifika sokoni Kakuma na habari kwamba upepo umepindua boti karibu na Ferguson's Gulf. Wengine waliogelea, wengine hawajaonekana. Nikamuuliza, boti ya nani? Hajui. Watu gani?

"Waturkana, mama, na Mkongo mmoja. Yule wa kuimba-imba."

Nikamwambia, baba, Mkongo gani haimbi? Akacheka kidogo, kisha akaniona uso, akageukia kupakua samaki wake.

Polisi tuliogopa kwenda kuuliza. Uliondoka kambini bila karatasi ya ruhusa, na sikutaka niwe mimi wa kulitaja jina lako pale. Na Inès, kwa hali yake, mimi na Hilaire tulikubaliana asiambiwe kwanza. Tuliwaonya majirani. Tuliwaonya hata watoto wa bombani. Kitu ambacho sikukifikiria ni sala yetu ya asubuhi.

Ulipoondoka jambo hili la kuitikiana lilikuwa halijaanza, ngoja nikueleze. Lililetwa na Nakaale, mama wa kuni, dada yake Ebenyo. Alikuwa akitukuta kwenye sala ya alfajiri, anakalia mzigo wake mlangoni anasubiri tumalize. Siku moja akachoka. "Mama Christelle, nyinyi kila asubuhi mnalia kwa Mungu kama watu wameibiwa. Hakuna kitu ya kusema asante?" Akatuonyesha wazee wao wanavyoomba: mmoja anauliza, wengine wanaitikia kwa nguvu. Maji iko? Iko! Mbuzi iko? Iko! Nikamwambia, Nakaale, bomba limekauka tangu juzi, nimwambie Mungu iko? Akasema, "Wewe sema iko. Ukisema hakuna, Akuj atasikia hakuna." Huyo Akuj ndiye Mungu kwa lugha yao.

Nilikataa, unanijua. Niliona ni kumdanganya Bwana asubuhi na mapema. Lakini Christelle aliipenda, Inès akaipenda, na mimi kidogo kidogo nikashindwa. Sasa tukimaliza Baba Yetu, mimi nauliza na nyumba yote inaitikia. Unga? Iko, asante! Maji? Iko, asante! Kisha tunaita watu, waliopo na walio mbali. Hardy yuko? Yuko, asante! Inès ndiye anayepaza sauti kuliko wote, mpaka Christelle anamtania mke wa mjomba wake: "Tantine, punguza, atakusikia Kalokol!" Nakuambia kweli, nyumba ilibadilika. Ukiianza siku kwa kutaja kilichopo, hata ukikuta sufuria tupu hugombani na mtu.

Basi jana asubuhi nikafika kwenye majina. Nikamwita Hilaire, nikamwita Christelle, Inès, na mtoto wa tumboni. Kisha ulimi ukakataa. Nimshukuruje Mungu kwa mtu ambaye labda amekwisha kumchukua? Niliona ni kama kumdhihaki. Nikaliruka jina lako, nikasema amina haraka haraka.

Hakuna aliyeinuka. Inès akafumbua macho. "Yaya, umemsahau Hardy."

Nikasema, eh, uzee huu.

"Hujawahi kumsahau." Akamgeukia Hilaire. Hilaire akaanza kutafuta viatu vyake, na alikuwa amevivaa.

Hapo Nakaale akasimama mlangoni. Kaka yake naye hajulikani alipo, na habari alikuwa nayo kama sisi. Akaita kwa ile sauti ya malishoni: "Hardy iko? Ebenyo iko?" Inès peke yake akaitikia, tena kwa sauti ndogo. "Yuko." Asante hakuimalizia. Akatuambia tuseme, tukasema.

Hajalia, na hilo ndilo linanitisha. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akasema anapanda lori la Etabo aje akutafute mwenyewe. Na tumbo lile! Kutoka hapa mpaka Lodwar, kisha Lodwar mpaka Kalokol, juu ya magunia! Tulivutana mpaka jua likapanda. Mwisho nikamwambia, nipe mpaka Jumapili. Nitamwandikia mume wako, Etabo atampa mkononi. Jumapili jibu lisipofika, tutapanda lori pamoja, wewe na mimi. Amekubali, lakini kifurushi hajakifungua. Amekilalia kichwa.

Mchana wanawake wa kanisa wakafika na mikeka yao, vitambaa vimefungwa kiunoni, tayari kwa kilio. Nikawauliza, nani amekufa hapa? Mmoja akasema, "Pole mama, tumesikia." Nikamwambia, basi kama mmesikia, bebeni madumu mnisaidie maji. Walibeba, wakininung'unikia njia nzima.

Hilaire hakupenda. Aliniambia ndani, "Mama Christelle, usimlazimishe Mungu. Mchungaji anataka kutangaza Jumapili tumwombee marehemu." Nikamjibu kuna harusi mbili za kutangaza, zinatosha. Tangu hapo tunapeana chai bila maneno. Usimchukie shemeji yako. Anakupenda, ila ameshazika ndugu wengi na anaogopa kutumaini tena.

Leo asubuhi nilikuita. Nilikuita kwa nguvu, wote wakaitikia, na Hilaire naye nikaona midomo inacheza. Kwenye asante ndipo machozi yakanitoka. Sijui kama ile ni imani au ni ukaidi wangu tu. Ninachojua, siwezi kumshukuru Mungu kwa unga halafu nikuache wewe nje ya mlango.

Kama simu imezama, kama umeumia, kama umejificha kwa ajili ya ile karatasi, au kuna jambo la aibu ndani yake, mimi sitakugombeza. Rudi au usirudi, bora tujue.

Na kama anayeifungua barua hii si Hardy, ndugu yangu, tafadhali usiirudishe bila neno. Andika unachokijua, hata kiwe kizito. Niandikie mimi Caritas, usimwandikie Inès. Nitajua namna ya kumwambia.

Christelle anakusalimu sana, anadai umwimbie mtoto akizaliwa. Hilaire hajasema nikutumie salamu, lakini ni yeye aliyenipa kalamu. Nakaale anamsalimu Ebenyo kwa lugha yao, ejok, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Inès nilimuuliza nikuandikie nini, akasema yake atakuambia mwenyewe.

Mungu akufunike kwa mkono wake, mdogo wangu, na upepo wa ziwa hilo ukupitie mbali.

Etabo anaondoka kesho alfajiri, atalala Kalokol siku moja tu kusubiri samaki wapakiwe. Nakuomba unijibu kabla hajawasha gari.

Ni mimi yaya wako, ninayekupenda tangu nakubeba mgongoni,
Caritas