Kila Nyumba na Mumbere Wake

Jumanne, Bwera

Jedwali la elementi limenisumbua wiki nzima, na leo ndipo mkuu wa shule akaja kukaa nyuma ya darasa na daftari lake. Niliogopa kweli. Nikauliza wanafunzi kwa nini lithiamu, sodiamu na potasiamu ziko mstari mmoja wa kushuka.

Biira akajibu, "Mwalimu, hizo ni ba-Mumbere. Kila nyumba iko na wake."

Darasa likacheka, maana kwetu kifungua mimba wa kiume ni Mumbere, na ndiye wa kutoa kila akiombwa. Nikadakia hapo hapo: kila mstari wa kulala ni nyumba mpya, wa kwanza wake ana elektroni moja ya nje, na kadiri unavyoshuka anaitoa kwa wepesi zaidi.

Mkuu, naye Mumbere, akafunga daftari bila kuandika kitu.

"Elektroni yangu nilitoa zamani, mwalimu," akasema, akatoka.