Mkanda wa Dija na Nguzo Iliyoliwa na Mchwa

Kerege,
Bagamoyo.
14 Juni 2025

Mpendwa Yunus, mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Miaka minne Maskati! Mtu angedhani ulizaliwa na jiwe. Haya, assalaam aleikum. Hujambo? Kifua kimepoa? Unakula, au unaonja tu? Mie mzima, alhamdulillahi, magoti ndiyo hayanitii. Anayeandika ni Ashatu wa jirani. Nimemkataza kunilainishia maneno. Kwenye simu ungecheka kabla sijamaliza, barua haikatizwi.

Ule mkanda uliomtumia mwanao Dija, wa kutembea juu yake kama kunguru juu ya waya, umenitia kinyaa. Mtu ana ardhi ya kukanyaga, anatafuta utepe? Lakini mtoto aliupenda, nami kwa Dija sina ubavu. Nikamwambia baba yako mdogo Maulidi aufunge.

Astaghfirullah, kazi gani ile! Upande mmoja kaufunga kwenye mkorosho, bila hata kipande cha gunia, gome likawa linauchuna. Upande wa pili kwenye nguzo ya banda la jikoni. Juu, usawa wa kifua cha mtoto. Chini vifuu na mawe, hakufagia.

Halafu nami nikaongeza uchafu wangu. Unajua nimewamba vitanda vya kamba tangu sijavunja ungo. Kitanda nakipiga kidole, kisipolia, hakijawambwa. Maulidi akasema, "Mama, Yunus kasema ubonyee kidogo."

"Yunus kawamba vitanda vingapi?" nikamjibu. "Kaza, baba!"

Akakivuta kile chuma chenye meno cha kukazia mpaka mkanda ukalia. Nikafurahi, mjinga mie.

Dija hajaukanyaga hata kwa unyayo mmoja, nguzo ikakatika. Nje nzima, ndani mchwa wamekula wakashiba. Chuma kikaruka, kikapita karibu na sikio lake, kikapasua mtungi wa maji nyuma yake. Hakulia. Alinitazama tu, Yunus. Mie ndiye niliyekaa chini kwenye yale maji.

Maulidi anasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakufunga mkanda! Tulifunga sisi, nami ndiye niliyesema kaza. Nikijikumbuka najitemea mate.

Watu wananiambia niuchome. Nimeshindwa. Kila asubuhi Dija anaupapasa, hathubutu kuuomba. Hana kitu kingine chako cha kushika.

Noorbanu wa duka anakusalimu. Maulidi naye, kwa aibu. Mkeo Zuhura anasema salamu zake utazichukua mwenyewe. Mungu akufunike mbele na nyuma, akutoe huko ukiwa na viungo vyako vyote.

Ukija, begi usifungue kwanza. Chagua miti miwili hai, minene, uivishe magunia. Utazame mkanda wote kama umechanika. Fagia chini. Mkanda usipite kimo cha magoti ya mtoto, usilie kama kitanda changu, na asisimame mtu kwenye mstari wake. Kisha panda wewe kwanza, Dija akikuona. Ukianguka, mwache acheke. Ukimaliza, mpe mkono apande, na usiuachie.

Bibi yako anayekupenda hata akikutukana,
Bi Rehani