Seva Nyuma ya Magodoro ya Arusi

Mtaa wa Sita, Ngazi ya Pili,
Bishkek.
9 Novemba 2021

Mpendwa mpwa wangu Ernis,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Habari za afya, habari za kazi, na mgongo ulioumia pale kiwandani Ansan unaendeleaje? Mama yako ameniambia umepona, lakini dada yangu Anarkan hujibu hivyo hata mtu akiwa amelazwa. Unapata nyama ya kondoo huko, au bado ni yale makabeji yenye pilipili? Andika ukweli, usinifurahishe.

Mimi nipo. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari siku hizi anazitazama karatasi zangu kuliko anavyonitazama usoni. Nimefundisha wanafunzi wengi, namjua mtu anayeficha jibu. Kwa hiyo naandika wakati mkono bado unashika kalamu.

Nimekuficha jambo, Ernis. Ile seva iliyoinyonga intaneti ya ngazi yetu, ambayo kwa ajili yake watu walikuita mwizi na pete za masikio za uchumba zikarudishwa kwa mama yako, haikuwa yako wala ya mtu mwingine yeyote. Ilikuwa yangu. Ilikuwa sebuleni kwangu, nyuma ya rundo la magodoro ya arusi ya marehemu mke wangu.

Barua hii sikuipitisha kwenye simu. Simu yangu ameniwekea binti wa nesi anayenihudumia, naye ana mkono mwepesi wa kubonyeza vitu ambavyo sikumwomba. Sikuipeleka posta pia. Anakuletea mwanafunzi wangu wa zamani anayerudi huko kazini. Ni mtu mwema, ila nimeibandika bahasha kwa unga wa ngano mara mbili. Ukikuta imefunguliwa, niambie kama nitakuwa bado nipo.

Unazikumbuka kanda zangu. Tangu ujana nilikwenda malishoni na kinasa sauti, nikawaketisha wazee wanitajie nasaba, baba kwa baba, hadi pale kumbukumbu ilipokoma. Wewe mwenyewe ulinibebea betri ulipokuwa mdogo. Ulichokuwa hukijui ni kwamba baada ya kustaafu nilizitia zote kwenye kompyuta na kuzifungulia mlango wa intaneti, bila jina langu. Kila mahali niliposikika nikiuliza swali, nilijikata.

Niliogopa watu. Unajua jinsi nasaba inavyogombanisha. Mzee wa Talas akimruka babu wa mtu, mjukuu wa huyo babu anakuja mlangoni kwako na ndugu zake, wala hawaji kunywa chai. Tena sikutaka kuzipeleka kanda kwenye mashine ya kampuni, mahali nisipopajua. Nani angenihakikishia kwamba usiku mmoja mtu hataufuta ukoo mmoja na kuupandisha mwingine? Mashine yangu niliiona, niliigusa, nililala nayo nyumba moja.

Mwanzoni walisikiliza wachache. Halafu vijana wetu walioko Moscow, Yekaterinburg na huko uliko sasa wakagundua. Kijana akimpenda msichana kiwandani, kabla hajamwambia mama, anataka kujua kama mababa zao saba wanakutana, maana wakikutana ndoa ni mwiko. Zamani angemuuliza babu. Sasa babu yuko mbali, wakawa wanakuja kwangu. Kila mmoja anavuta masaa ya sauti, na sauti zote zinatoka kwa kupitia waya ule mwembamba wa ngazi yetu.

Na ule waya, unakumbuka, nyumba zote zinazopandia ngazi yetu tulikuwa tumejiunga kwenye laini moja. Ilikuwa akili ya Melis, dereva mstaafu wa ghorofa ya pili. Alitoboa kuta, akagawa waya kila nyumba, na kampuni ikatuhesabu kama mteja mmoja. Ndiyo maana walipobandika tangazo mlangoni kwamba katika laini ya nyumbani ni marufuku kuendesha seva, na kwamba mmoja wetu anaendesha, hawakuweza kusema ni nani. Walisema tu watatukatia wote asipopatikana.

Kuanzia siku hiyo ngazi yetu haikukaa vizuri. Watu waliacha kuingia nyumba za wenzao bila kutupa jicho ukutani. Bi Burulcha, yule mkuu wa ngazi, akipanda na mfuko wa viazi alikuwa anasimama kila mlango kusikiliza kama kuna kitu kinavuma. Melis alimshuku mshona nguo wa chini kwa sababu taa yake haizimwi. Mshona nguo alimshuku Melis. Wewe, uliyepanga ngazi hiyo hiyo, walikushuku wote, kwa sababu ulikuwa unatengeneza simu sokoni, na mtu asiyejua kitu humshuku anayekijua.

Na mimi nilikushuku zaidi yao, ila kwa sababu nyingine. Jumapili moja nilirudi kutoka makaburini, nikapenyeza mkono nyuma ya magodoro kama kawaida yangu. Vumbi halikuwapo. Mtu alikuwa ameifuta mashine vizuri, na magodoro mawili yalikuwa yamesogezwa kidogo ili ipumue. Ni wewe tu uliyekuwa na ufunguo. Nilikungoja useme. Hukusema. Ulikula mkate wako na samli, ukanitania kuhusu ndevu zangu, ukaenda.

Ningalikuwa mtu mwingine, ningaliona mapenzi katika kazi ile ya kufuta vumbi. Mimi niliona mtu anayepima mali. Kwetu mpwa ana haki ya kuchukua chochote nyumbani kwa mjomba wake, na mjomba hana ruhusa ya kununa. Umeshanichukulia saa, koti na tandiko la farasi, nami nikacheka. Nikajiambia: zamu hii anataka mashine. Tena nikakumbuka ulivyowahi kunitania, "Mjomba, ukinisahau kwenye nasaba zako nitakuja kujiandika mwenyewe." Kwa wiki nyingi maneno hayo yalinikosesha usingizi. Nilikuwa naisikiliza sauti yako kwenye ngazi kama mtu anayesubiri kuibiwa.

Halafu akaja Bi Burulcha kuchukua saini za mkutano. Aliketi, akaegemeza mgongo kwenye rundo la magodoro.

"Mwalimu," akasema, "magodoro yako yana homa."

"Ni bomba la joto, ukutani," nikamwambia.

"Bomba gani hilo linalowaka mwezi wa saba? Kwangu mimi hata Januari nalala na soksi mbili."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alimaliza chai yake huku macho yake yakipanda godoro moja hadi jingine. Alipoondoka niliketi chini.

Mkutano ulifanyika uani Jumamosi iliyofuata. Ulikuwapo, lakini sijui kama ulisikia kila kitu, maana ulikaa nyuma karibu na Sezim, binti wa Melis, mchumba wako, na wakati ule masikio yako yalikuwa na kazi moja tu. Melis alianza kwa ukali.

"Anayekula intaneti yetu ajitokeze! Hatutamla nyama."

"Utaanza wewe," Bi Burulcha akamrukia. "Usiku kucha unaangalia ngumi, ukuta wangu unatikisika."

"Naangalia pambano moja moja, mama. Moja! Hilo haliwezi kukumalizia intaneti."

"Mwanangu yuko Moscow, namwona nusu uso. Mdomo unatembea, sauti haiji. Juzi nilidhani amepooza, nikalia mpaka majirani wakaja."

Watu walicheka, kisha wakakumbuka kwamba wamekasirika. Ndipo mkate ulipoletwa, ule wa tanuri, juu ya kitambaa cheupe. Kila nyumba ikaambiwa itoe mtu mmoja aushike mkate, augusishe kwenye paji la uso, aseme: "Si mimi, wala simjui aliyefanya. Nikisema uongo, mkate huu unipige."

Mimi sikuombwa kuapa. Nani angemwambia mzee, mwalimu wa watoto wao, ashike mkate kama mtuhumiwa? Walinipa kiti. Melis mwenyewe akaniwekea mto mgongoni na kusema, "Wewe ni shahidi wetu, mzee." Nikakaa, nikawatazama mmoja mmoja.

Wewe ulipofikiwa uliutazama mkate, kisha ukanitazama mimi. Sikugeuza uso, maana kugeuza uso kungeonekana.

"Mimi siapi," ukasema.

"Huapi kwa nini?" Melis akauliza. "Mkate una sumu?"

"Siapi tu, baba."

"Usiniite baba mpaka useme! Binti yangu amevaa pete za mama yako masikioni. Nataka kujua amevaa za nani."

"Ni za mama yangu. Hilo naweza kuapa."

"Basi seva ni yako."

"Hayo umesema wewe."

Kipande kidogo cha mkate kilikuwa kimeanguka. Uliinama ukakiokota, ukakipandisha juu ya ukuta pale ambapo mguu wa mtu haufiki, ukaenda zako. Sezim alisimama akufuate, mama yake akamshika mkono. Kesho yake pete zilikuwa zimefungwa kwenye leso, zinasubiri safari ya At-Bashy, kwa mama yako.

Siku uliyopanda basi kwenda Almaty kupanda ndege ya ugenini nilizima mashine. Jioni ile intaneti ya ngazi ikawa nyepesi, Bi Burulcha akamwona mwanawe uso mzima, na Melis akatembea nyumba hadi nyumba akisema, "Mnaona? Mnaona sasa?" Nilikuwa nimekuchafua mara ya pili kwa kubonyeza kitufe. Hata siku moja sikumwambia anyamaze.

Kanda zote sasa ziko kwenye maktaba moja, kwenye seva zao zilizo na watu wa kuzilinda. Niliwapa mwaka jana, kwa jina langu. Hadi leo hakuna aliyefuta ukoo wa mtu. Wajukuu wa babu aliyerukwa na mzee wa Talas walikuja kweli, watatu, wakagomba, kisha wakala, wakaondoka.

Mwezi uliopita nilimwita Melis na Bi Burulcha, nikawaonyesha mashine mahali ilipokuwa. Bi Burulcha alisema, "Nilijua magodoro hayaugui," kisha akafunika mdomo na kitambaa. Melis alivaa kofia yake. Alipofika mlangoni akaniambia, "Mzee, nilimnyima binti yangu mtu asiye na kosa, na wewe ulikuwa umekaa kwenye mto wangu."  Sezim bado anaishi kwao, anafundisha chekechea. Sijui moyo wake ukoje, wala sitakudanganya kwamba najua. Ila Melis anasema mlango wake uko wazi, na jina lako kwenye ngazi yetu sasa ni safi.

Unaweza kudhani nimemaliza. Hapana. Wale wawili niliwaambia nusu, na nusu iliyobaki ni yako peke yako. Ndiyo maana salamu naziweka hapa, kwanza, nisije nikazitumia kama mahali pa kujificha.

Mama yako anakusalimu, anakutumia jibini kavu na soksi alizofuma mwenyewe. Mdogo wako Gulzada anakusalimu, amejifungua msichana mwenye masikio kama yako. Bi Burulcha anakusalimu na anakuomba, ukiweza, usimchukie. Mungu akupe njia nyeupe, akuondolee macho mabaya, akurudishe hai kwa mama yako, na nyumba yako ijae watoto wanaopiga kelele. Baraka hii ni ya mzee asiyestahili kuitoa, lakini ichukue, kama ulivyochukua saa na koti.

Sasa nakuambia. Bi Burulcha alikuja kwangu usiku wa kuamkia mkutano, akaniuliza kiapo kiweje. Yeye alitaka maneno mawili tu: "Si mimi." Kwa maneno hayo ungeapa bila shida, ukabaki na jina lako na mchumba wako. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze "wala simjui aliyefanya." Nilijua kwamba unajua, Ernis, na nilijua kwamba mwanangu wewe huwezi kusema uongo mbele ya mkate, wala huwezi kunitaja. Niliyaongeza ili yakunase wewe, uondoke kabla hujaichukua mashine yangu.

Mjomba wako akupendaye, ingawa hakukupenda siku ile,
Kerimkul