Baba Hakukataa Chakula

Mama,

Baba anakula. Naanza na hilo kwa sababu ulinishika mkono ukaniambia nisimwache afe njaa, na najua ndilo ungeniuliza kabla hata sijakaa.

Tangu tukuzike hapa Ruiru alizidi kukonda. Ule upande wake uliolegea kwa kiharusi haukurudi, na kila akinywa chai anakohoa mpaka machozi. Wazee wakasema anakufuata wewe. Nikawaambia mimi nimefika Mombasa na Kampala, nimeona waliolegea kuliko huyu wakipona. Nikampakia kwenye lori langu, huyo, hospitali ya Thika.

Mjomba Karanja ndiye aliyejibu maswali, maana ndiye mkubwa. Sisi nyumbani, kwa lugha yetu, tunasema chakula kimemkataa mtu, yaani anakitaka ila hakipiti. Mjomba, na Kiswahili chake cha shambani, akasema, "Mzee amekataa chakula." Basi! Daktari akaona ni huzuni ya kufiwa, akaagiza abembelezwe kwa maziwa. Funda la kwanza tu Baba akapaliwa, midomo ikabadilika rangi. Nikaruka: "Daktari, hajakataa! Yeye anataka, koo ndilo halitaki!" Kiswahili changu unakijua, hata Mombasa walikuwa wakinyamaza nikiongea.

Wakaja wengi. Daktari akampima ulimi na koo. Mtu wa picha akamnywesha dawa nyeupe kama chokaa, akaitazama kwenye mashine ikishuka. Sista akakaa naye na kijiko, akijaribu hiki na kile. Wakashauriana, wakatuambia: kitu cha majimaji kinakimbia, kinaingia njia ya pumzi, kizito kinakwenda polepole, kinapita. Na sisi tulimpa uji mwepesi tukidhani ndio rahisi kwa mgonjwa. Usisikitike, Mama. Ruiru nzima ingefanya hivyo.

Sasa yuko nyumbani, anakaa wima, anainamisha kidevu, anameza uji mzito. Juzi akaniambia, "Wewe kelele, leta viazi." Viazi, Mama! Nikaviponda mwenyewe, mimi dereva mzima, halafu nikatoka nje kidogo kupangusa macho. Moshi wa jikoni, nilimwambia Mjomba.

Jambo gumu ni moja. Sista alininyooshea kidole: "Na wewe mdomo, usimchekeshe akiwa na kitu kinywani. Akicheka, anapaliwa." Mimi!

Lala, Mama. Nakuahidi: kila jioni nitakaa mbele yake, hadithi zote za Kampala zikinisukuma meno, na nitanyamaza mpaka ameze.

Mwanao,
Njuguna