Jina Lako Kwenye Kaburi la Boksi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila nikianza barua bila salamu utanigombeza hukohuko uliko.

Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe. Hapa Brussels, Oktoba ikiisha, kuna sikukuu inaitwa Halloween. Watoto huvaa kama maiti, mizimu na wachawi, wakapiga kengele mlango kwa mlango wakidai pipi. Mwaka huu kina mama wa jengo letu, hapa mtaa wa Jette, walipamba ukumbi wa kuingilia: utando wa buibui wa pamba, mifupa ya plastiki, na makaburi. Makaburi, mama. Waliyakata kwa maboksi, wakayapaka rangi ya kijivu, wakayapanga karibu na masanduku ya barua.

Mjukuu wako Zuhura ana miaka minane sasa, akataka kwenda na wenzake. Nikakataa. Baba yake akanicheka: "Kwani sisi Idi hatukuzunguka mtaa mzima?"

Ndiyo, tulizunguka. Unakumbuka gauni la njano ulilonishonea, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake, ukaniambia niukunje tu nisikupotezee muda? Lakini tuliingia kwa watu tunaowajua kwa majina, nyuso wazi, shikamoo kwanza, ndipo tupewe mkono wa Idi. Ulikuwa ukisema, "Asiyeweza kusalimia asinyooshe mkono." Nilimweleza mume wangu hayo yote, akasema nimezeeka kabla ya wakati. Walikuwa wawili, mimi peke yangu, nikashindwa. Zuhura akatoka amejipaka usoni unga wangu wa chapati.

Lakini kilichonichoma si pipi. Ulipolazwa nilitaka kuja, ukanikataza kwenye simu: "Usihangaike, ni homa tu." Nikakuamini. Ulinidanganya, mama, na bado sijakusamehe. Maziko yako huko Tanga niliyaona kwenye simu ya Mjomba, picha inaganda kila mara, na walipokushusha ndipo mtandao ukakatika kabisa. Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida. Kwetu ukifiwa hata mliyenuniana naye anakuja kukaa nawe jamvini. Hapa mlango wangu haukugongwa, si siku ya kwanza, si arobaini. Sasa watu haohao wanapiga kengele wamejifanya wafu, na mimi natakiwa nitabasamu na kugawa pipi.

Nilikuwa nagawa hivyohivyo, nimenuna, Zuhura aliporudi mbio. "Mama, njoo uone kaburi la Bibi."

Nilishuka naye. Kwenye boksi moja, kwa kalamu nyeusi nene, alikuwa ameandika BIBI MWANAIDI, akazungushia maua. Pembeni yake fuvu la plastiki linawaka taa machoni. Jina lako, mama, katikati ya mchezo wa watu. Nililishika lile boksi nilipasue.

Maman Béa, Mkongo wa ghorofa ya tatu, alikuwa pale akiwasindikiza wanawe. Akanishika mkono. "Bon, Mama Zuhura, usikasirike. Mutoto hakukutukana. Alitafuta tu fasi ya kulilia muntu yake."

Nikamwambia aniache. Hapo nikamwona Zuhura, machozi yamechora mistari kwenye unga. "Lakini hapa hatuna kaburi lake," alisema.

Sikulipasua. Usinisifu, sikuwa nimepoa. Nilisimama na kanga yangu ya jikoni nikakusomea Fatiha mbele ya boksi, watoto wenye vinyago wakisubiri niwapishe njia. Nilipomaliza Maman Béa akasema, "Pole, maman. Miye sikujua." Ndiyo pole ya kwanza kuisikia katika jengo hili. Nilitaka kuikataa, nikaipokea, kisha nikalia mbele ya watu wote kwa namna ambayo usingependa.

Siku mbili baadaye mapambo yote yalitolewa nje yangoje gari la taka. Niliyaona kupitia dirishani, nikashuka na ndara nikalichomoa lako. Sasa liko jikoni, nyuma ya friji. Mume wangu ananiuliza kila siku litakaa mpaka lini. "Mama Zuhura, hilo ni boksi. Litaleta mende."

Najua ni boksi. Nimemwambia asiliguse. Nitalitupa mwenyewe, siku nitakayorudi kutoka Tanga, mikono yangu ikiwa imeshika udongo wako.

Lala, mama. Ni mimi mwanao, bado nimenuna.