Swali la Saba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kwako mdogo wangu mpenzi. Baada ya salamu na dua, natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limepata nafuu. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenifanya nivae soksi mbili mbili kama mzazi wa jana.

Siku zangu hapa ni za mtu aliye kati ya usingizi na macho. Chumba cha kazi kiko juu kabisa ya maktaba. Madirisha yamefunikwa kitambaa cheupe, na mwanga huingia kama maziwa yanayomiminwa taratibu. Mezani zimelazwa kurasa za vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, nami huzitia viraka vya karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukurasa ukishapata unyevu, herufi huonekana kuinuka kidogo, kana kwamba zinataka kusema, nami husahau niko nchi gani.

Nilikwisha kukueleza kwamba viza yangu ni ya wataalamu, ya siku tisini tu, na hutolewa kwa kazi ambayo hakuna mwenyeji anayeiweza. Ikiongezwa kuwa miaka miwili, mwenye nayo huruhusiwa kumleta jamaa mmoja aje kusoma. Ndiyo maana binti yako hunipigia simu kila Ijumaa na kuniuliza, Mjomba, vipi, nifunge mizigo? Nami nilimwambia afunge.

Hapa nimepewa msaidizi, fundi wa kushona majalada, mama wa makamo, mwenyeji, ambaye wenzake humwita Kimya. Nilimfundisha kupika gundi ya wanga, kulainisha ukurasa kwa pumzi pale ambapo maji yangeuchafua wino, na desturi niliyoachiwa na mwalimu wangu: kumwombea rehema aliyekinakili kitabu kabla ya kukifungua. Si wa dini yetu, lakini kila asubuhi husimama kwa adabu hadi nimalize. Siku niliyochelewa, aliniambia kitabu bado kimefungwa kwa sababu mwenyewe hajaombewa.

Sasa nifikie lililo zito. Wiki mbili zilizopita niliipeleka fomu ya kuongeza viza. Swali la saba linauliza kama yupo mwenyeji anayeiweza kazi hii. Mkuu wa maktaba alinisihi niandike hakuna, akitania kwamba Kimya naye hatasema neno. Nikamfikiria binti yako. Nikaandika hakuna, nikatia sahihi kwa mkono huu unaokuandikia.

Alasiri ile nilirudi chumbani nikamkuta Kimya ameinamia ukurasa ulionishinda mara tatu, ulioliwa na wadudu hata ukawa kama chandarua. Alikuwa ameuunga. Nilipitisha kidole, sikuhisi kiraka. Nilikaa kitini, nikaona kana kwamba wanakili wote niliowaombea wamesimama nyuma yangu, wakiisoma fomu yangu.

Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya viza kuiomba ile fomu niirekebishe. Karani alicheka hadi akavua miwani; akasema, Mzee, watu hulia hapa waongezewe siku, wewe umekuja kupunguziwa? Nikafuta hakuna, nikaandika yupo, na jina lake kamili. Jibu limekuja jana: narudi nyumbani baada ya siku tisa.

Nisamehe, mdogo wangu, nilimpa mwanao ahadi kisha nikaivunja. Nakuomba usimwambie kwamba nchi hii ilimkataa. Mwambie mlango ulikuwa wazi, na mjomba wake ndiye aliyeufunga, akiwa na akili zake timamu. Akikasirika, mwache akasirike. Nitakapofika nitakaa mbele yake nimsikilize mpaka amalize.

Mola aijaze nyumba yenu utulivu, awape afya wakubwa na wadogo, na amfungulie binti yetu njia iliyo safi kuliko ile niliyotaka kumpitisha. Amin.

Ni mimi kaka yako,
mtia viraka vya vitabu.