Kiti Chini ya Mnara wa Tangi

Mshauri mpendwa, msaada wako nauhitaji kabla ya Ijumaa, na usinijibu kwa kunibembeleza kama mtoto anayenyweshwa dawa, mimi ni bibi mwenye karakana, shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, lakini minara ya matangi ya maji iliyotoka mikononi mwa nyumba yangu imesimama mji mzima na hakuna hata mmoja uliowahi kuinama, na gazeti lako tunalisoma karakana nzima, likishasomwa tunalitandika chini wakati wa kupaka rangi, kwa hiyo tunafahamiana.

Shida yangu ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, niliyemlea mwenyewe hapa hapa kati ya vyuma, akaenda kusomea uhandisi akarudi, nikampa meza ya marehemu mume wangu, nikawaambia mafundi kuanzia leo huyu ndiye mkubwa wa kazi, na aliyenuna nikamwonyesha mlango. Basi ikaja kliniki ya wajawazito kuomba mnara unaoweza kufunguliwa, maana jengo lao ni la kupanga na wakihama wanataka kuondoka na mnara wao, na sisi tangu zamani kila kiungo tunachomelea, hakifunguki mpaka ukikate. Mjukuu akachora mnara wa bolti, vyuma vichache tena vyembamba, kitu ambacho hatujawahi kukifanya, na mimi ndiye niliyesema sawa, nikajisifu nacho mpaka sokoni, naomba ulielewe hilo, mimi si katika wale wazee wanaokataa kila kipya.

Sasa hapa kwetu kuna utaratibu aliouacha marehemu. Mnara ukijazwa maji mara ya kwanza, aliyeutengeneza anasimama chini yake mbele ya mteja, mpaka tangi lifurike. Ndivyo watu walivyotuamini. Nikamwambia mjukuu ajiandae, Ijumaa kamati ya kliniki inakuja, wakunga wanakuja, na majirani hawakosi. Akakataa. Anasema mnara huu wa kwanza hauendi kliniki kabisa, anataka aupakie mifuko ya mchanga, watu wote wakae mbali, aongeze na kuongeza mpaka upinde, yaani avunje makusudi kitu tulichokitolea jasho, ndipo tutengeneze wa pili. Mshauri, umewahi kuona mpishi anamwaga sufuria ya kwanza ili ajue ya pili itakuwaje? Mafundi wanamcheka pembeni, wanasema binti anaiogopa kazi yake mwenyewe, na maneno hayo yananichoma mimi kuliko yeye. Nikamwambia mbele yao, kama wewe unaogopa nitakaa mimi, nitaleta kiti changu cha jikoni nikikalie chini ya mnara wako, kikombe cha chai mkononi.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Bibi, ukikaa pale na mnara usianguke, tutakuwa tumejua nini? Tutakuwa tumejua kwamba leo haukuanguka." Halafu akafuta mikono, akasema, "Ukikaa pale, mimi hapa sirudi tena."

Tangu siku hiyo shikamoo yake anaitoa akiwa ameshanipita. Chakula anachukua sahani anakwenda kulia chumbani, na spana zake ameshaziweka kwenye begi.

Usinione katili. Nampenda yule mtoto, ndiyo maana nimemsaidia kimyakimya. Alipokwenda kliniki kukagua msingi wa zege, nilimwita fundi wetu wa kuchomelea, tunamwita Mzee Cheche, nikamwambia zile bolti za miguuni zichomelee zote kuzunguka, kisha piga rangi juu, mtoto asijue, mnara upate nguvu za kisasa na za zamani kwa pamoja. Akakuna kichwa, akasema Mama, bolti hizi si za kawaida, binti alizichagua mwenyewe moja moja, nikamuuliza mwenye karakana ni nani, akavaa miwani yake akafanya. Sasa mnara una nguvu maradufu, nina uhakika, ila Mzee Cheche naye jana ananiambia Ijumaa ana udhuru, hatafika, udhuru gani hakusema, na mambo ya watu wazima mimi sichokonoi.

Ninachotaka ni kimoja tu, niambie nimpate vipi huyu mtoto aje Ijumaa afungue maji kwa mkono wake, anione nimekaa chini salama, tupatane, asiondoke. Kiti nimeshakisugua.

Ni mimi, Bibi wa Karakana

*

Shikamoo, Bibi. Heshima yako nimeshakupa, sasa kaa nikuambie, lakini si kwenye kile kiti.

Barua yako nimeitanguliza kabla ya za wenzako waliokuwa wakisubiri, na watanisamehe. Umeniuliza namna ya kumpata mjukuu. Hilo lingoje, kwa sababu kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, kana kwamba uliongeza chumvi kwenye mchuzi. Mnara anaoujua mjukuu wako haupo tena. Ulioko uani kwako ni mwingine, na hakuna aliyeuchora. Si yeye, si marehemu, si wewe. Mimi si fundi, sijui moto umezifanya nini zile bolti. Wewe pia hujui. Mzee Cheche nadhani ana wasiwasi wake, ndiyo maana mtu aliyechomelea kwa mkono wake mwenyewe ghafla ana udhuru siku ya kujaza maji. Wewe uliyekaa na mafundi maisha yako yote, hilo halikukushtua?

Naamini unampenda. Lakini meza umempa, kauli umebaki nayo. Ulisema sawa kwa mnara mpya, ukajisifu, kisha ukataka upimwe kwa desturi ya minara mingine. Marehemu alisimama chini ya kitu alichokwisha kukitengeneza mara nyingi. Huu ni wa kwanza wa aina yake. Yeye aliwataka watu wamwamini yeye. Huyu binti anataka wauamini mnara, hata siku ambayo nyinyi wote hamtakuwapo kusimama chini yake. Na huyo mpishi wako, Bibi, hamwagi sufuria, lakini anaonja kabla ya kupakua. Wewe unataka waonje wajawazito.

Basi sikiliza. Leo hii, kabla ya chakula cha mchana, mwite mjukuu na Mzee Cheche pamoja. Mwambie mjukuu ulichoagiza, bila "nilifanya kwa ajili yako". Mzee Cheche akwangue rangi aonyeshe kila kiungo alichokigusa. Mjukuu atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, usimkatize kwa machozi wala kwa umri wako. Yeye ndiye atakayesema kama mnara huo bado unafaa hata kuvunjwa.

Kliniki uwaendee mwenyewe. Kinywa kilichojisifu sokoni ndicho kiwaambie kwamba Ijumaa hakuna maji, na kwamba mnara wao utachelewa kwa sababu kwanza unatafutwa udhaifu wake. Mama mjamzito hatakulaumu kwa hilo. Mafundi wanaocheka wapewe mifuko ya mchanga wabebe. Na kuanzia sasa iwe marufuku mtu kubadilisha kilichochorwa bila aliyekichora kujua, na wa kwanza kukatazwa ni mwenye karakana, maana wengine wanaweza kuambiwa hapana, wewe hakuna anayethubutu.

Kiti usikitupe. Siku atakayopanga mjukuu kuupakia mnara mchanga, kipeleke ukiweke palepale ulipotaka kukaa, kitupu, kisha rudi nyuma usimame pale atakapokuonyesha yeye. Kitazame mifuko inapoongezwa. Hutahitaji mtu mwingine wa kukueleza kwa nini alifunga begi.

Na ufanye haraka. Gazeti hili, kwa maneno yako mwenyewe, linasomwa karakana nzima. Mwambie kabla hajafika ukurasa huu.